Kilatini Kinaondoka na Mwalimu Mogesi

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Mwalimu Simioni Mogesi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kilatini katika seminari yetu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nitajaribu, lakini msinidai kicheko kila aya. Anayeondoka hana wa kumpokea, na somo lake linafungwa siku hiyo hiyo.

Mwalimu ni mzaliwa wa Nyanungu. Alifika hapa mwaka 1991 akiwa na begi dogo la nguo na maboksi ya vitabu, akakabidhiwa kidato cha kwanza na cha pili. Aliambiwa ni kwa muda tu, mpaka apatikane mwalimu mwingine. Huyo mwingine tunamsubiri hadi leo.

Nje ya darasa ni mtu wa maneno machache. Ndani, hasa akifika kwenye vitenzi visivyo na mtenda, huwezi kumnyamazisha. Huandika ubaoni pluit, yaani inanyesha, kisha huwauliza vijana ni nani anayenyesha. Wakishindwa, hufurahi. Huwaeleza kwamba vitenzi vya aina hiyo havijui mimi, wewe wala wao. Hukaa katika nafsi ya tatu umoja siku zote, kama sisi tunavyosema inabidi au inafaa bila kumtaja yeyote. Oportet, inapasa. Licet, inaruhusiwa, na yule anayeruhusiwa husogezwa pembeni: licet mihi, inaruhusiwa kwangu.

Kazi huanza wakifika kwenye pudet. Kila mwaka darasa karibu zima huandika ego pudeo, kwa kuwa kwetu mtu ndiye anayeona aibu. Mwalimu hukataa katakata. Mrumi, husema, haoni aibu. Aibu ndiyo inayompata, me pudet, naye yuko pale anapokea tu, kama mtu aliyeshikwa na homa. Ndivyo yalivyo majuto, me paenitet, na ndivyo ulivyo uchovu wa moyo, me taedet.

Mwaka mmoja tembo waliingia shamba letu la mahindi, tukatoka na madebe, walimu kwa wanafunzi, kwenda kuwafukuza. Tembo mmoja akageuka. Kesho yake Mwalimu aliandika ubaoni cursum est, akatafsiri: zilipigwa mbio. Akasema hicho ndicho kitenzi chenye adabu kuliko vyote, kwa sababu hakimtaji aliyetangulia. Padri gombera, mkuu wa seminari wa wakati huo, alicheka mpaka akakaa chini, na sisi tuliojua nani alitangulia tulicheka zaidi.

Kuna wakati tulidhani mrithi amepatikana. Joram, kijana wa Robanda aliyesoma hapa hapa, alirudi miaka miwili iliyopita kufundisha naye. Mwalimu alimwachia hata vitenzi vyake hivyo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, akawa anakaa dawati la nyuma anatabasamu. Kisha tembo wakala shamba la mama yake Joram, msimu wa kwanza na wa pili. Mama ni mjane, na wadogo zake Joram wako shule. Kambi moja ya watalii ikamwita kijana kazini. Alishindwa kusema, akawa anazunguka tu ofisini na shikamoo zisizoisha, mpaka Mwalimu mwenyewe akamwanza mbele yetu: "Mura, kijana wangu, mama kwanza. Nenda, usinionee haya." Alijua anachokitoa. Wiki ile nzima hakula nasi chakula cha mchana, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Baada ya hapo aliomba jambo moja tu: aendelee kuja kwa hiari, bila mshahara, hadi Novemba, ili kidato cha pili wamalize kitabu walichoanza naye. Kikaoni ikaonekana haiwezekani. Ikaamuliwa chumba chake kiwe cha kompyuta. Nani aliona na nani aliamua, sijui, nami nilikuwepo. Iliniuma na bado inaniuma.

Ratiba mpya imeshabandikwa. Kuanzia Jumatatu, vipindi vyake vyote vimeandikwa "kujisomea".

Mwalimu Mogesi, asante kwa vijana uliotulelea, wakiwemo mapadri, wakulima na hata askari wa wanyamapori, ambao hadi leo wakikosea huanza kwa kutafuta kitenzi kisichomtaja mtu. Upumzike vyema Nyanungu, wewe na mkeo Mama Wegesa, mkiwa na afya, na ng'ombe wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Vijana wa kidato cha pili wamekuja ofisini kuuliza sura inayofuata atawafundisha nani. Tumewaambia warudi darasani.