Mama Kesho na Jalada la Fundi Viatu

Jioni ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, marehemu alifunga jalada la malalamiko ya fundi viatu, akalibana kwa kibanio cha nguo ili kurasa zisitawanyike, akamwomba mumewe amkumbushe asubuhi kutia sahihi, naye mumewe akamtania kwamba tangu lini mwalimu akakumbushwa kazi, wakacheka, wakaenda mezani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kitinda mimba wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1981, akafundisha hisabati kwa miaka thelathini na mitano, na wanafunzi wake waliopo hapa wanajua kwamba jibu lisiloonyesha njia halikupata alama kwake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, akajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wajukuu wanne walioamini kwamba bibi yao ni askari wa kuwakamata askari.

Mwaka 2018, baada ya kustaafu, wakazi wa kata walimchagua awe mmoja wa raia watatu katika kamati ya watu watano inayopitia malalamiko dhidi ya polisi, na maofisa wawili wa polisi katika kamati hiyo ndio waliombandika jina la Mama Kesho, kwa sababu hakutia sahihi maoni yake siku aliyoyaandika, akisema hasira hasara, ailaze kwanza, asome tena asubuhi, asije akamwonea mtu, hata kama mtu huyo ni askari. Jina lilianza kwa kejeli, likaishia kuwa heshima, na mmoja wa waliolitunga ameketi nasi leo.

Jalada lake la mwisho lilimhusu fundi viatu aliyepigwa kofi na askari kwenye kaunta ya kituo cha polisi, akapoteza usikivu wa sikio la kushoto, kisha ikaonekana karatasi ya kukiri kosa yenye sahihi ambayo si yake. Wajumbe wawili walimkubalia, wawili wakamkatalia, yakabaki maoni ya marehemu, aliyoyaandika kumuunga mkono fundi, na kwa kanuni za kamati maoni yasiyo na sahihi hayahesabiwi, na kura zikilingana malalamiko hutupwa.

Marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu 2021, akapatwa na kiharusi alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Juni, akafariki hospitalini saa moja kasorobo asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, jirani aliyewasha gari kabla ya kuombwa, walimu wenzake, wajumbe wa kamati, na fundi viatu, aliyetangulia kufika msibani na ambaye hadi sasa ametutegea sikio la kulia.

Asubuhi ile, alipotoka hospitalini, mumewe, ambaye angeweza kuiandika sahihi ya mkewe akiwa amefumba macho, alikaa na kalamu mbele ya ukurasa wa mwisho, akaikumbuka ile sahihi isiyo ya fundi, akairudisha kalamu mfukoni, akalipeleka jalada ofisini kama lilivyokuwa, na kibanio chake, karani akaligonga muhuri wa kupokelewa, akaandika pembeni kwamba halina sahihi.

Lala kwa amani, Mama Kesho, jalada limefika.