Mama Avelina, Msindikizaji wa Tembo

Mama Avelina Kamugisha anastaafu Jumamosi, tarehe 29 Februari 2020, baada ya kumhudumia tembo mmoja hapa Fort Worth kwa miaka ishirini na mbili. Tarehe hiyo imechaguliwa na kampuni. Haitarudi tena mpaka miaka minne ipite, na mimi siamini kwamba waliichagua bure. Wenzangu wanasema nashuku kila kitu. Sawa. Anayeshuku hang'atwi na nyoka wa kwenye kuni.

Nimepewa kuandika wasifu huu mimi, Mzee Twalibu, dereva wa boza la maji, ingawa shule niliishia darasa la nne. Kwenye kamati wapo wenye digrii. Walijaribu kwanza, ukatoka kama tangazo la benki, ndipo wakanijia. Meneja wetu hasomi Kiswahili. Ameniuliza nimeandika nini, nikamwambia ni sifa tupu. Sikumdanganya. Sikusema tu ni sifa za nani.

Avelina alizaliwa Bukoba, akaja Texas na mumewe aliyekuwa anasoma, na mwaka 1998 akaajiriwa kwenye kampuni yetu ya maonyesho kufagia banda. Haukupita muda akawa ndiye mtu pekee ambaye tembo anamsikiliza. Kampuni ilimwita tembo huyo Duchess. Avelina akamwita Shangazi, kwa sababu anakula cha kwako, anakusemea mbele za watu, na huwezi kumfukuza. Watu husema Wahaya wanapenda kujisifu. Huyu ni Mhaya asiyejisifu hata kidogo, ikabidi kazi hiyo nimfanyie mimi Myao, na naifanya vizuri kuliko wao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwisho wa wiki watalii walipanda mgongoni, wakazungushwa uwanjani, wakapigwa picha. Siku nyingine tulimpeleka katikati ya Dallas, kwenye maegesho ya hoteli, akavalishwa kofia ya wachunga ng'ombe na kushikishwa puto kwa mkonga. Wageni walifurahi sana kumwona anayumba. Wakasema anacheza muziki. Lakini mimi nilikuwa nafika na boza asubuhi, muziki haujawashwa, nikamkuta anayumba vilevile, mguu kwenye mnyororo. Tangu hapo furaha ya watu wale nikaitilia shaka.

Msinidhanie mtu wa huruma. Natoka Tunduru. Tembo wametumalizia mahindi, wametuulia ndugu. Nawajua kuliko hao waliokuwa wanabeba mabango getini kupinga tembo kupandwa. Lakini tembo wa Tunduru ni adui mwenye heshima yake. Anakuja kwa miguu yake, mnapambana, mnajuana. Huyu wa kuvalishwa kofia sikujua nimweke wapi. Siku moja nikamwuliza Avelina, "Mama, mbona wewe unayemwonea huruma ndiye unayemfunga matandiko?" Akanijibu, "Nikiacha mimi, atafungwa na asiyemjua." Nikambishia wiki nzima. Sikushinda, lakini sikushindwa.

Mwaka jana mabango yakazidi, wateja wakapungua. Mwezi uliopita kampuni ikatangaza kwamba Shangazi naye anastaafu. Anapelekwa kwenye shamba la kutunzia tembo wazee, mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Texas. Keki ikakatwa. Meneja akataka Avelina amuage pale getini, wapige picha ya mwisho, basi. Avelina akakataa. "Shangazi haagwi mlangoni," alisema. "Kwetu mgeni anasindikizwa mpaka mwenyewe aseme rudi." Meneja akacheka, akadhani ni utani. Mimi nikaenda kuwasha gari.

Trela liliendeshwa na kijana Mkenya wa kukodiwa, jina lake Absalom. Tukalifuata nyuma, mimi kwenye usukani, Avelina kando yangu na chupa ya chai, gunia la matikiti kiti cha nyuma. Shamba liko mashariki. Tulipofika Dallas trela likakata kusini, likashika barabara ya 45. Nikasema, "Mama, hii inakwenda Houston." Akasema labda kuna njia ya mkato. Nikamwambia hakuna, Texas naijua nje ndani.

Corsicana, Absalom akasimama kujaza mafuta. Avelina akampelekea chai. Hakumwuliza kitu mpaka kikombe kilipofika nusu.

"Mwanangu, unampeleka wapi Shangazi wangu?"

"Mathe, mimi na-drive tu," Absalom akasema. "Nimeambiwa ni hoteli flani Houston. Mwezi wa tatu wanafungua mahali pa watalii kupanda ndovu. Kwani hamkuambiwa?"

Avelina akafunga chupa yake. Mimi nilitukana, na sitaandika nilichosema, maana karatasi hii itasomwa na wachungaji na masheikh. Baadaye tulijua kwamba lile shamba lilikuwa la kweli na banda lilikuwa tayari linamsubiri. Hoteli ndiyo iliyopiga simu mwishoni, meneja akageuza safari bila kugeuza maneno ya kwenye keki.

Houston, nyuma ya hoteli, wakafungua mlango wa trela. Sasa hapo ndipo pa kumjua Avelina. Shangazi hashuki kwenye gari mpaka Avelina amwite. Banda zima linajua hivyo. Meneja ndiye aliyedhani mikate itatosha. Avelina akaomba kiti, akakaa kwenye kivuli cha trela, akanyamaza. Ikaletwa mikate. Yakaletwa matufaha. Tembo hakushuka, Avelina hakumwita. Akaja mmoja na fimbo yenye ndoano, akamkuta Absalom amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Boss, hii trela ni yangu," akamwambia. "Ukipanda, unapanda juu yangu."

Wageni wa hoteli wakaanza kutoka, simu mkononi, wanarekodi. Meneja, aliyebaki Fort Worth, akampigia Avelina simu. Alivyofoka, hata mimi nilimsikia: "Avelina, mwite ashuke!"

Akamjibu taratibu, "Mgeni hashushwi kabla hajafika."

"Basi sherehe yako isahau!"

"Nitafanyiwa na wenzangu," akasema, akakata.

Jua lilipoanza kushuka hoteli yenyewe ikaziogopa zile simu za wageni, ikasema haimtaki tena tembo. Meneja hakuwa na pa kumweka ila kule alikokutangaza. Trela likageukia mashariki. Kesho yake tukafika shambani, na Avelina akamwita: "Shangazi, tumefika." Akashuka polepole, akanusa majani, akaingia kwenye miti bila kugeuka. Nikamwuliza Avelina, "Haya, amesema rudi?" Akasema, "Amesema." Hapo ndipo alipolia, na mimi nikaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Mimi bado nashuku, ndiyo kazi yangu. Napiga simu shambani mara kwa mara, bila kuwaambia siku. Wameniambia Shangazi bado anayumba, kwamba itamchukua muda kuacha, na pengine hataacha. Katika maneno yote niliyoambiwa juu ya tembo huyu tangu nianze kazi, hilo ndilo la kwanza nililoliamini.

Jumamosi, ukumbini Mansfield, meneja ameomba aseme machache. Nimeshajua atakachosema: kwamba kampuni, kwa upendo wake, iliamua kumpumzisha tembo wake mpendwa. Pigeni makofi, ni adabu. Ila mkipiga, mgeuke kidogo mumwelekee yule mama aliyekaa meza ya mbele.

Mama Avelina, asante kwa kazi, asante kwa kiti ulichokalia Houston. Tunakuombea afya, wajukuu wasiokusumbua sana, na mahali pa kupumzika ambapo hakuna mtu anayelipa ili akutazame.