Lumbesa ya Melki

Kijiwe chetu kiko Mabwerebwere, hapa Kilosa, ubavuni mwa ghala la mahindi: benchi moja la mninga lililopinda katikati kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Hapo ndipo Melkizedek, mpakiaji wa magunia, alipokuwa akinywa kahawa kabla ya kuchaguliwa kwenda nje kwenye mashindano ya kimataifa ya kunyanyua vyuma, wanaume wa kilo sitini na tano. Kaenda, karudi, na chuma hakukigusa. Kabla ya mchezo walimpandisha kwenye mzani akakutwa amezidi gramu mia sita. Akakimbizwa koridoni kavaa makoti mawili, akanyolewa kipara, akatemeshwa mate kwenye kopo, na muda wa kupima ulipokwisha alikuwa bado amezidi. Wakamfuta. Kikosi kimoja cha jeshi kilikuwa kimemwahidi ajira ikiwa jina lake lingetokea kwenye ubao wa matokeo na namba yoyote mbele yake, hata ya mkiani. Halikutokea. Juzi alishuka Mikumi, tulikoahidi kumpokea kwa bodaboda na vuvuzela, akakuta stendi na jua lake. Akadandia lori la vitunguu mpaka nyumbani. Tangu hapo hajatoka ndani, na sisi tangu hapo hatujanyamaza.

Leo aliyeanza ni Anselmi, tunayemwita Reli, kwa kuwa alistaafu kazi ya reli lakini hajastaafu kuizungumzia.

Reli: Mzani ule umechezewa. Mimi nimepima mabehewa, msinifundishe. Kwa chini kuna skrubu. Ukiikaza kidogo tu, kuku anakuwa mbuzi.

Waziri: Nani akaze skrubu kwa ajili ya mtu wa Kilosa? Kwani wanaijua Kilosa?

Huyu Waziri jina lake ni Mathayo, anauza vocha. Tulimpa uwaziri kwa sababu hana kazi asiyoijua na hana kazi aliyowahi kuimaliza.

Reli: Wanatujua vizuri sana, kwa mkonge. Wahenga walisema, mzani ukikupenda, chongo huita kengeza.

Wahenga hawakusema hivyo, lakini hapa kwetu methali ni kama benchi, anaikalia yeyote. Mudi muuza kahawa akazungusha vikombe.

Daktari: Skrubu wapi. Ni baridi. Baridi ya huko inamwingia mtu, maji ya mwilini yanaganda. Na barafu ni nzito, hilo kila mtu anajua.

Daktari ni Valentino, muuza dawa za mifugo.

Waziri: Ng'ombe akiswagwa kutoka Msowero mpaka mnadani, anaongezeka au anapungua?

Daktari: Anapungua.

Waziri: Sasa?

Daktari: Ng'ombe hapandi ndege.

Waziri: Hapo umegusa penyewe. Ndege! Mle ndani msosi ni kitonga, bure kabisa, mzee. Dada anapita na toroli, kuku au samaki, chagua. Sasa jiulize, nani alimpangia Melki siti ya nyuma kabisa, toroli linakomalizia mabaki? Huo ni mchongo. Kuna mtu alilipwa ili kijana wetu ashibishwe angani.

Reli: Haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo ilikuwa methali ya kwanza kukaa mahali pake asubuhi nzima, na aliyeisema hakujua. Nilimtazama Reli usoni kuona kama imemchoma. Alikuwa anapuliza kahawa.

Maana hakuna aliyeitaja ile wiki ya kumuaga. Mwalimu wake wa Morogoro alikuwa ameagiza Melki ale matembele ya kuchemsha na mayai, bila chumvi, bila mafuta, na dada yake Brightness alikuwa akimpikia hivyo hivyo. Sisi tukakiita chakula cha sungura. Tukamwambia yule binti anamnyima kaka yake. Mtu anakwenda kuwakilisha nchi, ataondokaje Kilosa na njaa kana kwamba hana watu? Reli akaleta pilau kwenye bakuli lake la bluu la enzi za reli. Waziri akaleta wali wa nazi kwenye ndoo yenye mfuniko. Daktari akaleta supu ya kongoro kwenye hotpoti la mkewe, lile lenye mawaridi mekundu. Mimi sikuleta kitu, nilikula tu.

Melki alikataa siku ya kwanza. Alisema kwa adabu, "Wazee wangu, mwalimu amekataza." Daktari akamuuliza kama mwalimu ndiye aliyemzaa, na kama anaona busara kusafiri huku amekataa chakula cha wazee. Kijana amelelewa vizuri yule. Akanawa mikono akala, na kesho yake akala, mpaka siku ya basi.

Kilosa tunaujua mzani mmoja tu, ule unaomrudisha aliyepungua. Mkulima wa Masanze akileta gunia limejaa, mnunuzi anamwambia bado, ashone kilemba juu, ajaze mpaka liwe lumbesa. Hatujawahi kuona mtu akifukuzwa kwa kuzidi. Basi tukamjaza Melki namna tunavyojua, tukamfunga, tukampakia. Naona uchungu nikikumbuka tulivyokuwa tunacheka.

Reli: Mnataka niseme ukweli wenyewe?

Waziri: Sema.

Reli: Melki hakupanda mzani peke yake.

Daktari: Alipanda na nani?

Reli: Na jini. Hapa mtaani kuna watu hawampendi. Walimtumia jini, akamkalia begani toka hapa. Wale wazungu mzani wao umepima viumbe wawili, na macho yao yameona mmoja. Jini mwepesi, gramu mia sita tu.

Daktari: Hilo linaingia akilini.

Waziri: Linaingia kabisa. Ndiyo maana hata kipara hakikusaidia.

Walikuwa wameanza kutafuta aliyemtuma jini, na wameshafika nyumba ya tatu ya mtaa, Brightness alipotokea kwenye kona ya ghala. Kichwani alikuwa na ndoo, mikononi hotpoti na bakuli la bluu.

Brightness: Shikamooni.

Tukajibu marahaba wote kwa pamoja.

Waziri: Mwanangu, kaka anaendeleaje? Yaani hapa tulikuwa tunapanga tuje.

Brightness: Yupo.

Akatua vyombo chini mbele ya benchi, kimoja kimoja. Vilikuwa vimeoshwa vikang'aa.

Brightness: Mama amenituma nirudishe vyombo. Hili hotpoti ni la nani?

Reli akageuka upande wa stesheni, kama mtu anayesubiri treni. Waziri akatoa simu, akawa anaipangusa kwa shati. Daktari akalitazama hotpoti lenye mawaridi mekundu. Chini yake mkewe aliandika MARSELINA kwa rangi ya kucha, na kila mmoja wetu alishakula msibani kutoka kwenye hotpoti hilo.

Daktari: Siku hizi yanafanana sana haya.

Brightness: Na bakuli?

Reli akanyoosha shingo kuitafuta treni.

Brightness: Ndoo je?

Daktari: Hebu niambie, mwanangu, mwalimu wake anasemaje? Si kuna mwakani?

Brightness: Sijui, baba. Mimi nimetumwa kuuliza vyombo.

Alisubiri. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonishinda kulitazama. Kisha akakunja kata yake ya kichwani, akaaga, akarudi alikotoka.

Waziri akanyoosha kikombe. Mudi akainamisha birika mpaka mwisho, likatoa machicha.

– Imekwisha, akasema.

Wakainuka. Hakuna aliyekumbuka lolote kuhusu jini. Nilibaki peke yangu na vile vyombo, nikafunua hotpoti. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mama yake Melki anazijua mila. Ndani alikuwa ametia matembele ya kuchemsha, yamejaa mpaka juu, bado ya moto. Nikaonja jani moja. Halikuwa na chumvi. Nikafunika.

Jioni nilipita kwa Daktari. Marselina alikuwa uani anapembua mchele, akaniuliza kama nimeliona hotpoti lake, maana mumewe amemwambia limeibwa.