Kipaza, Mshereheshaji Aliyevaa Vyuma vya Meno na Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, punguzeni makelele ya sufuria. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmewahi kumsikia bila kumjua. Kama umewahi kuoa, kuolewa au kualikwa tu, huenda ni yeye aliyekuambia ukae, usimame, ule, ucheze. Jina lake la kazi lilikuwa Kipaza. Alikuwa mshereheshaji. Alikuwa baba wa binti mmoja. Na alifariki akiwa na vyuma kwenye meno, vyuma alivyovaa ili binti yake asivae peke yake.

Tuseme jambo moja mapema, wazazi wasije wakaogopa. Vyuma havikumwua. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Tutalirudia hili, maana maneno ya mtaani yana mbio: vyuma havikumwua.

Kipaza alianzia mlangoni pa duka la magodoro. Kazi yake ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaita wapita njia. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Siku moja mteja alinunua godoro la harusi yake, akamwambia, "Godoro nimechukua, sasa nakuchukua na wewe." Kipaza akaenda kusherehesha harusi hiyo akiwa na shati la kuazima. Huko ndiko alikomwona mwoka keki, dada mmoja mkimya aliyesimama kando akiilinda keki yake isiguswe na watoto.

"Alitangaza ukumbi mzima kwamba amepata mchumba," anasema mwoka keki. "Mimi mwenyewe nikawa wa mwisho kuulizwa."

Walioana. Wakapata binti. Kipaza akamwita Bosi tangu siku ya kwanza, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa hailali mpaka yeye aruhusu.

Bosi alirithi mdomo wa baba yake. Meno ya juu yalitokeza, ya chini yalipandana kama watu wanaogombea dirisha la tiketi. Kwa Kipaza haikuwa shida. Mwenye maneno matamu nani atamhesabia meno? Kwa Bosi ilikuwa shida kubwa. Shuleni walimwita Kifungua Chupa. Akacheka nao mwanzoni, kisha akacheka akijiziba mdomo kwa mkono, kisha akaacha kabisa. Alipoingia sekondari, hata miayo alikuwa anapiga akigeukia ukutani.

Wazazi wakampeleka kliniki. Daktari bingwa wa kupanga meno alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono midogo. Alimpiga picha za eksirei, akapima taya, akasema vyuma vitasaidia. Bosi akakunja mikono.

"Waniite Kifungua Chupa, halafu waniite na Geti? Sivai."

Ndipo Kipaza akamgeukia daktari.

"Na mimi je? Mashine iliyomtengeneza huyu ni hii hapa. Kosa ni la kiwandani. Tutengenezeni wote."

Mke wake akamvuta shati. "Baba Bosi, acha mzaha. Mtu mzima na vyuma mdomoni! Nani atakupa kipaza sauti?"

"Wakininyima nitarudi kwenye magodoro."

Daktari hakucheka. Alimwambia mtu mzima naye anaweza kuvaa vyuma, ila fizi ziwe nzima kwanza. Akamwasamisha. Fizi za Kipaza hazikuwa nzima. Alisafishwa, akatibiwa, akaambiwa asubiri. Katika kusubiri huko, rafiki yake mmoja, mpiga muziki wa sherehe, akamwambia ya nini kuhangaika, kuna saluni wanabandika vyuma mchana mmoja tu na unachagua rangi. Kipaza akamfikishia daktari habari hiyo kama utani.

"Yale ni mapambo," daktari akasema. "Vyuma hivi vinalisukuma jino ndani ya mfupa, polepole. Anayesukuma bila kupiga picha hajui anasukuma nini. Nimewapokea hapa wenye meno yanayocheza kama vifungo vya shati kuukuu."

Kipaza hakutania tena juu ya saluni.

Bosi alikubali, mradi asivae peke yake; wakavishwa siku moja, baba na binti. Vidude vidogo vikagandishwa kwenye meno, waya ukapitishwa juu yake. Siku za kwanza mdomo mzima uliuma, hata mkate laini ulikuwa adui. Mwoka keki akawapikia supu na kuichuja, akawapondea viazi. "Nilikuwa na watoto wawili wasio na meno," anasema. "Na yule mkubwa ndiye aliyelia zaidi." Karanga zikapigwa marufuku, pipi za kunata zikapigwa marufuku, mahindi ya kuchoma yakaagwa rasmi kwa hotuba. Waya ukichoma shavu, walibandika nta laini waliyopewa kliniki. Kila baada ya kula, wawili hao walisimama bafuni mbele ya kioo kimoja na miswaki yao, ule mkubwa na ule mdogo wa kupita chini ya waya, wakisukumana kwa viwiko.

Harusi ya kwanza baada ya hapo, Kipaza alipanda jukwaani akafungua kinywa. "Shasha, mabibi na mabwana, tushimame!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mke wake alikuwa mezani akinyoosha maua ya keki, na Bosi akimsaidia. Mama mtu alitamani sakafu immeze. Lakini Kipaza alitabasamu mpaka jino la mwisho, taa zote zikamulika vile vyuma.

"Mshinicheke," akasema. "Nyinyi mna kipaza shauti kimoja. Mimi ninavyo viwili."

Watu walipiga meza. Mwoka keki akageuka kumtazama binti yake. Bosi alikuwa anacheka, kinywa wazi, mikono yote miwili imelala mapajani.

Wasikilizaji wapendwa, miezi ikapita hivyo. Meno yakaanza kusogea. Kisha ikaja asubuhi moja ya kawaida. Kipaza aliingia bafuni kusukutua na kupiga mswaki. Bosi alikuwa mlangoni na sare za shule, akigonga. "Baba, toka, nachelewa." Akagonga tena. Maji yalikuwa yanatiririka. Walipousukuma mlango, Kipaza alikuwa chini. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani. Shinikizo la damu lililokuwa halijulikani, kwa sababu halikuwahi kupimwa. Hakurudi nyumbani.

Kule chumba cha maiti, mhudumu alimwita mjane pembeni kwa adabu. "Samahani, mama. Vile vyuma vya mdomoni. Vitolewe au vibaki?"

"Vibaki," akajibu.

Leo anatuambia, "Hata sikujua nimejibu nini. Ilikuwa kama nimeulizwa soda baridi au ya moto."

Kipaza akazikwa. Watu walikuwa wengi, maharusi wa zamani wakiwa na watoto wao. Mjane aliona midomo yao inasogea, maneno hayakumfikia. Alishikana nao mikono. Wiki hiyohiyo alimaliza keki ya mteja, kwa sababu iliagizwa na unga ulikwishapimwa. Aliandika jina juu yake kwa krimu, herufi zimenyooka kama za chapa. "Mkono haukutetemeka," anasema. "Nilitaka utetemeke." Jioni alichuja supu. Akaweka sahani tatu, akaondoa moja.

Nyumba ile iliyokuwa na kelele kama soko ikawa unasikia friji ikinguruma. Tarehe ya kliniki ikafika, ikapita. Watu wa mapokezi wakampigia simu. "Tutakuja," mjane akasema, akaiweka simu juu ya unga.

Asubuhi moja aliona doa jekundu kwenye foronya ya Bosi. Alidhani ni rangi ya keki. Akaifua. Baada ya siku chache akaona jingine, kubwa zaidi. Akakaa kitandani na foronya mkononi, akalitazama mpaka akaelewa anachokitazama. Bosi alipotoka shule, alimwita jikoni.

"Fungua mdomo."

Bosi akafungua. Waya ulikuwa umechomoka nyuma na kuingia kwenye shavu. Fizi zilikuwa zimevimba, nyekundu, na harufu si ya mtoto wake.

"Tangu lini hupigi mswaki?"

"Siingii kule bafuni, Mama. Naoga tu haraka, macho nimefumba."

"Inauma?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sisikii kitu."

Mama yake akaitikia kwa kichwa. "Hata mimi," akasema.

Wakaenda. Mapokezi palikuwa na dada aliyewazoea, akatazama nyuma yao akitabasamu. "Na mzee wa maneno yuko wapi, anaegesha gari?"

"Amefariki," mjane akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo yeye mwenyewe. Mpaka siku hiyo wengine walikuwa wakimtamkia. Anasema lilitoka kirahisi, kama anwani.

Daktari aliukata ule waya, akaosha kidonda. Bosi akasema akiwa bado amelala kwenye kiti, "Vitoeni vyote."

"Naweza kuvitoa," daktari akasema. "Mdomo ni wako. Lakini sikiliza. Jino likisukumwa, mfupa unalegea kwanza, ndipo unakaza upya. Wako sasa hivi umelegea. Nikivitoa leo, meno yatahangaika, halafu yatarudi yalikotoka."

"Yarudi."

Daktari alimtazama mama.

"Basi tufanye hivi," daktari akasema. "Hata kuvitoa, fizi hizi zitamwaga damu. Nenda ukazitibu. Zikipona, njoo uniambie tena hilo neno, nami nitavitoa bila swali."

Jioni ile mwoka keki alisukuma mabakuli yake kando. Akaegemeza kioo kwenye ukuta wa jikoni, akaweka beseni, miswaki na maji ya chumvi. Akamwita binti yake, akasimama karibu naye. Hakuhutubia. Bosi alipiga mswaki, akatema, maji yakawa mekundu. Kesho yake tena. "Hatukufanya kwa ajili ya marehemu," anasema mjane. "Watu wanapenda niseme hivyo. Tulifanya kwa sababu fizi zilikuwa zimeoza na kulikuwa na beseni."

Fizi zikapona. Wakarudi kliniki. Daktari akauliza, "Tuvitoe?" Bosi akapitisha ulimi juu ya waya. "Kaza," akasema.

Mwezi uliopita vilitolewa, kwa wakati wake. Sasa anavaa kifaa cha kushikilia meno usiku, na ataendelea kukivaa, maana meno husahau upesi yalikofundishwa kukaa. Daktari alipompa kioo, Bosi alijitazama akasema, "Sifanani naye tena."

Mama yake alimfuta kidevu kwa kitambaa, wakaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa Bosi, na kwa ndugu wote wa Kipaza, kipindi hiki kinawapa pole. Wazazi, mtoto akijiziba mdomo anapocheka, mwulizeni kabla hajaacha kucheka. Mpelekeni kwa daktari aliyesomea kazi hiyo, wala si saluni. Simamieni mswaki, na msiruke tarehe za kliniki. Na nyinyi watu wazima, kapimeni shinikizo la damu. Kipaza hakupima.

Kabla ya kuagana tulimwuliza mjane kama amewahi kulia. Alikuwa akipekecha mayai, hakuacha.

"Bado," akasema. "Kila mtu ananiuliza. Mkisikia nimeanza, msije kuninyamazisha."

Majirani zake, mmemsikia. Msimnyamazishe.