Joram Kisemei wa Tarabushi, 1944–2024

Marehemu Joram Kisemei alizaliwa Februari 1944 kule Ilbissil, Kajiado, mtoto pekee wa mama yake. Baba alikuwa ameshapelekwa vitani Burma. Mwaka wa 1946 askari mwenzake alileta tarabushi yake, kofia nyekundu yenye kishada, mama akaitundika kwa msumari ukutani. Mwenye kichwa hakurudi. Na kwa desturi yetu ya zamani ya Kimaasai, jina la aliyekufa halitajwi. Basi mama alisema tu "yule wa tarabushi", na kwa kitambulisho cha Kisemei karani akaandika hivyo hivyo.

Alisoma Kajiado 1954 hadi 1957, akafika darasa la nne. Wenzake walimcheka: "We mtoto wa kofia! Baba yako bado analala kwa msumari?" Mwalimu Ndambuki alimpangusa machozi, akamwambia neno tarabushi lilianza kwa Waajemi, maana yake kifuniko cha kichwa, Waturuki wakalichukua, Waarabu nao, hadi likafika kwa askari wetu.

"Sasa mwalimu, neno limejulikana kwao. Na baba yangu?"



Kisemei alimuoa Naisula Aprili 1971. Kanisani pasta aliuliza jina la baba ya bwana harusi. Shangazi Nalangu, dada ya huyo baba, alikohoa tu.

Miaka mingi aliswaga ng'ombe kwa miguu mpaka soko la Kiserian. Ukame wa 2009 ukawamaliza, akawa soja wa geti hapa Kitengela. Kofia ya kazi hakuivaa hata siku moja. Kila Krismasi alimwendea Nalangu.

"Yeyo, mama yangu, nipe jina tu. Sitaki ng'ombe wake."

"Mtoto wangu, ukimtaja utamwamsha. Wacha alale."

Mwaka jana alipatikana na saratani ya koo. Juni mwaka huu sauti ikaisha. Siku zake za mwisho alimwandikia Naisula kwa karatasi: "Nisizikwe mwana wa kofia." Naisula akamwita Nalangu.

Alituacha Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024, saa nne asubuhi. Nalangu alifika saa sita, na fimbo yake. Alifunua shuka kichwani, akainama sikioni:

"Kisemei, baba yako ni Leshan."

Kisha akamwambia Naisula, "Andikeni. Nimechelewa."

Ameacha mke wake Naisula, watoto Samuel na Jackie, wajukuu saba, na shangazi Nalangu, ambaye ameketi hapa mbele. Tarabushi iko nyumbani kwa msumari wake.

Lala kwa amani, Joram Kisemei ole Leshan, mwana wa Leshan.