Fahali wa Mahari Ana Almasi

Kijiwe cha kahawa cha Mama Ritha kiko Maganzo, mkabala na banda la ngozi, na benchi lake limebeba uongo mwingi kuliko makalio. Jumamosi hiyo asubuhi walilikalia watu watatu. Katikati Kamili, waliyemwita Chekeche kwa sababu amechekecha mchanga miaka kumi na mitano akitafuta almasi, na jiwe kubwa kuliko yote alilowahi kupata ni lile lililomvunja kidole cha mguu. Kulia kwake Benedict Wakili, dalali wa ng'ombe mnadani, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshitakiwa. Kushoto Donatus, aliyefanya kazi kwenye mitambo ya dhahabu kule Geita akarudi na kikohozi na jina la Kaboni. Nyuma yao, kwenye nguzo, alifungwa fahali wa madoa, ng'ombe wa mwisho wa mahari ya Loveness, mchumba wa Kamili. Shangazi wa binti alikuwa njiani kutoka Kishapu kuja kumchukua. Kamili alimpenda Loveness hadi usingizi ulikuwa umemhama, lakini tangu Alhamisi alikuwa akimtazama fahali yule kwa jicho jingine kabisa.

— Ukimtoa huyo, umejichimbia kaburi, alisema Wakili. Mchinje. Ngozi ibaki, nyama wapelekee wakwe.

— Mahari ya nyama? Kamili akashtuka. Bhebhe, wewe! Nimwambie nini Loveness?

— Mwambie mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Imeingia. Kunywa kahawa.

Alhamisi ndiyo iliyoharibu mambo. Kulikuwa na mtafiti wa kemia, dada Anisia, mzaliwa wa Ushirombo, aliyekuja wiki ile kujaribu kulainisha ngozi bila uvundo wala maji ya sumu. Ngozi aliziloweka kwenye maji ya magome ya mgunga, kisha yale maji machafu akayamimina kwenye mabeseni marefu na kuyaanika juani. Siku ya tatu, maji yaliyokuwa meusi kama chai ya rangi yalikuwa meupe. Kijiwe kizima kikavuka barabara kutazama. Ndipo Anisia akachukua chekeche, akachekecha yale maji, na humo vikabaki vitu vidogo kama punje za mtama, vinametameta. Kamili aliponyoosha mkono, dada akamzuia: “Kaka, usiguse tafadhali. Mikono ina mafuta.”

Kamili aliurudisha mkono taratibu. Maganzo nzima, mpaka mtoto anayetambaa, inajua kwamba almasi hunata kwenye grisi.

— Mimi nimelala nikiwaza, alisema. Zimefikaje kwenye ngozi?

— Ng'ombe wetu wanalala wapi? Wakili akauliza. Kwenye mchanga wa machimbo! Wanajigaragaza, wanalamba. Na wahenga walishasema, ngozi ivute ili maji. Maana yake ngozi inavuta maji, na maji yanavuta almasi.

— Maana yake uivute kabla haijakauka, alisema Mama Ritha akimimina kahawa.

— Mama Ritha, wewe shughulika na tangawizi.

Kaboni akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa ndiyo kengele ya darasa.

— Sikilizeni mtu aliyeona mitambo. Kule Geita dhahabu huikamati kwa mkono, unaiwekea kaboni, inanaswa yenyewe. Sasa ngozi ya ng'ombe ndiyo kaboni ya almasi. Miaka mitano ng'ombe anatembea, anakusanya tu.

— Umeona! Wakili akaruka. Na ile methali ya ng'ombe haelemewi na nunduye? Mnadhani haelemewi na nini, mafuta? Mle ndani ya nundu ndiyo stoo!

Kamili akageuka kuangalia nundu ya fahali. Ilikuwa kubwa. Ikamuuma moyoni jinsi ilivyokuwa kubwa.

— Ngoja kwanza, alisema Kaboni, na sauti yake ikashuka. Mimi nimekula supu ya makongoro tangu utoto. Na yale yana ngozi.

Wote wakamgeukia.

— Ndiyo maana najisikia mzito.

— Uzito wako ni wa kuamka, alisema Mama Ritha.

Anisia mwenyewe akavuka barabara na kikombe chake, koti jeupe limejaa madoa ya magome.

— Shikamooni.

— Marahaba, dada, Wakili akajibu, macho kwenye mifuko ya koti. Zile… mbegu zako zinaendeleaje?

— Vigololi? Ni kioo tu, kimepakwa kichocheo. Jua likikipiga, kinavunja uchafu kwenye maji. Chenyewe hakiliwi, ndiyo maana navichekecha nivitumie tena.

— Kinafanya kazi halafu hakiishi? Kamili akauliza.

— Ni kama mshenga, kaka. Anawakutanisha watu, wanaoana, yeye anarudi kwake vilevile alivyokuja, tayari kwa harusi nyingine. Ila akipakwa mafuta kazi inalala. Ndiyo maana nikakuzuia.

Akachukua kahawa yake, akashukuru, akaondoka.

— Mmesikia? Wakili akanong'ona. Kioo! Aliyepata jiwe akakwambia amepata jiwe, mmewahi kumwona?

— Yaya, hapana, Kaboni akakubali.

Neno la mshenga lilikuwa limemchoma Kamili. Lakini Wakili alishaongea na mchinjaji, na mchinjaji alisema saa sita kamili kisu kitakuwa tayari. Ilikuwa saa tano. Upande huu Loveness, upande huu utajiri, na katikati fahali anacheua kana kwamba hayamhusu.

Bodaboda ikasimama. Akateremka mama mnene mwenye kitenge cha njano na fimbo ya kuswagia.

— Mwangaluka!

— Mwangaluka, mayu. Shikamoo shangazi, Kamili akasimama mbiombio.

— Marahaba, mkwe. Ndiye huyu? Shangazi Euphrasia akamzunguka fahali, akampapasa, akaridhika. Kisha akatazama benchi, akatazama chini, akatazama tena.

— Mbona wote mko peku?

Kamili alijua kwa nini yeye yuko peku: makubazi yake mapya ya ngozi, aliyonunua kwa ajili ya harusi, yalikuwa ndani ya beseni nyumbani kwake tangu jana, akingoja maji yachuje. Asichokijua ni hawa wenzake. Akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Kaboni. Kaboni akakohoa, na safari hii darasa halikuitika.

— Kila mtu na beseni lake! Mama Ritha akapiga makofi, akacheka mpaka akashika meza. Jamani, na mkanda wa Kaboni pia! Kafunga suruali kwa katani!

Ikabidi shangazi asimuliwe yote: mabeseni, chekeche, grisi, nundu. Alisikiliza bila kupepesa.

— Hizo punje, dada anaziweka wapi?

— Kwenye kopo kubwa la bati, alisema Kamili.

— Siku aliyofika stendi, kopo lilikuwa tupu?

Kamili ndiye aliyembebea kopo lile. Jumatatu ile alilitua mara tatu njiani akilalamika kwamba bega linakatika, na ndani lilikuwa likicharaza kama mtama kwenye kibuyu. Miaka kumi na mitano amekodolea macho kinachotoka kwenye maji. Kinachoingia hajawahi kukitazama hata siku moja. Akakumbuka kwamba Loveness naye aliingia maishani mwake hivyo hivyo, kimyakimya, na kidogo tu amchinje kwa kisu cha saa sita. Kicheko kikamtoka, na machozi pamoja nacho.

Akafungua kamba, akampa shangazi kwa mikono miwili.

— Wakili, mpigie mchinjaji.

— Lakini ile nundu…

— Mpigie!

— Kahawa imekwisha, Mama Ritha akatangaza akiinamisha birika.

— Na wewe unakuja, shangazi akamwambia Kamili. Loveness amesema asikusikie kwa simu, akuone. Gari la ng'ombe liko barabarani.

Kamili akaitazama miguu yake yenye vumbi.

— Shangazi, nitaendaje ukweni peku? Makubazi yamenywea kwenye beseni.

Euphrasia akamswaga fahali, halafu akamgusa Kamili mgongoni kwa fimbo ileile.

— Twende. Huyu naye yuko peku, na nimempokea.