Lifunge Hilo Daftari

Gari la abiria la Musaga lilikuwa limesimama kwenye kizuizi, askari wakikagua vitambulisho, na Dévote peke yake ndiye aliyeomba wasiharakishe. Saa tatu alikuwa na mtihani wa unesi. Akianguka tena, shule ingemfukuza. Akalisoma daftari lake mara ya tano.

“Lifunge hilo, dada,” akasema jirani yake wa kiti, fundi wa magari wa Buyenzi mwenye kofia ya kufuma na vidole vyeusi kwa mafuta. “Mi nilifundishwa kabureta na mzee mmoja. Aliifungua, akafunika vyuma kwa kitambaa, akauliza kipi kinafuata. Mutu akitazama tu, anazani anajua.”

“Kabureta haifi, baba. Mutoto anayeharisha anakufa.”

“Basi niambie huyo mutoto utamufanya nini.” Akalichukua daftari, akalikalia.

“We Kifaransa husomi. Nikikosea utajuaje?”

“Kwa macho yako.”

Abiria wa nyuma wakacheka. Dévote akaanza kwa hasira: kwanza atazame kama macho yamezama, pili afinye ngozi ya tumbo, halafu... halafu ampe maji.

“Hapo umeruka!”

Alikuwa ameruka kweli. “Umenichanganya na kelele zako!”

“Afazali nikuchanganye mi kuliko mwalimu.”

Gari likaondoka, nao wakabishana njia nzima mpaka dereva akafunga breki mbele ya shule. Dévote akanyoosha mkono. “Daftari langu.”

“Unasoma yote tena?”

“Yote ya nini? Kile cha tatu nilichoruka tu,” akasema, akalipokea, akashuka mbio.